Sanitaiza iliyowaka Chikongola haikuwa feki

Simu ilinikuta nasahihisha madaftari ya fom tuu, saa kumi na nusu jioni, mwezi wa kumi, korosho zimeanza kuingia maghalani na mji wa Mtwara umechangamka kila mtu ana haraka zake. Alikuwa mpwa wangu. Hata shikamoo hakutoa, na huyu mtoto kwa shikamoo simjui akikosa, nikajua kuna jambo. "Njomba, sanitaiza imemuunguza dogo, hii kitu wameweka petroli, njoo uione mwenyewe." Nikafunga madaftari nikadandia bodaboda.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeshakisikia kikisimuliwa mtaani mara nne na kila mara kimegeuzwa, mara chupa ililipuka, mara jua ndo liliiwasha, mara kuna mtu alichanganya mafuta ya taa, na kila anayesimulia anamalizia kwa kusema yeye ya kwake ameshaimwaga. Mimi nilifika pale, nimeshika chupa yenyewe, nimepima kilichomo, nimekaa na kijana aliyeungua akanieleza taratibu. Nafundisha kemia miaka mingi sasa na sijawahi kuona kitu kidogo namna hii kina kemia nyingi namna hii, alafu watu wanajifunza somo la kinyume kabisa.

Kibanda kwanza, maana kilivyokaa ndo nusu ya kisa. Mpwa wangu anauza chipsi na mishikaki, Chikongola hapa Mtwara mjini, pembeni ya barabara. Ukisimama kama mteja, kushoto kwako kuna jiko kubwa la mkaa na kaango la mafuta, katikati kabati la vioo lenye chipsi, kulia jiko la mishikaki, lile refu la pipa lililopasuliwa. Mbele ya jiko la mishikaki kuna meza ya mbao, juu yake sahani, chumvi, pilipili, vijiti vya meno na chupa ya sanitaiza ya kubonyeza. Kutoka kwenye ile chupa mpaka kwenye mkaa ni hatua moja, tena fupi. Nyuma kuna ndoo kubwa ya viazi vilivyomenywa vimelowekwa kwenye maji. Na upande wa wateja kuna stuli, juu yake ndoo ya koki na kipande cha sabuni. Hiyo ndoo ya koki muishike akilini, maana siku ile ilikuwa imekauka tangu mchana.

Kilichotokea ni hivi. Kijana anayechoma mishikaki, tumwite dogo kama wanavyomwita wote pale, alikuwa anatunga nyama mbichi kwenye vijiti, mikono imejaa damu na mafuta. Akaja mteja mwenye haraka zake anataka mishikaki minne ya haraka. Dogo akaangalia ndoo ya koki, tupu. Akajifuta mikono kwenye aproni, akabonyeza sanitaiza, ananiambia "kama mara tano au sita njomba, maana mikono ilikuwa michafu", ikamjaa mkono wa kulia mpaka ikatiririka kwenye kifundo, akasugua mara moja mbili, alafu hapohapo akachukua kipepeo akaanza kupepea mkaa. Cheche ikaruka. Hakuona moto. Anasema alisikia joto tu, akadhani ni joto la jiko, mpaka akaona vinyweleo vya mkono vinajikunja vyenyewe na harufu ya nywele zinazoungua, ndo akaanza kuutingisha mkono, na kuutingisha hakukusaidia. Mpwa wangu akapiga kelele, dogo akaruka nyuma akautumbukiza mkono wote kwenye ndoo ya viazi. Ukazimika palepale.

Vidole vitatu na mgongo wa mkono vilitoka malengelenge. Yote haya hayakufika sekunde kumi.

Hapo kwenye ndoo ya viazi niseme kidogo, dogo alifanya kitu sahihi bila kujua. Spiriti, yaani ile alkoholi iliyomo kwenye sanitaiza, inachanganyika na maji kabisa, kwahiyo ukiizamisha kwenye maji mengi inayeyuka humo inakuwa nyepesi na moto unakosa chakula, tofauti na mafuta ya kupikia ambayo yanaelea juu ya maji. Lakini kaango la mafuta ya moto lilikuwa hatua mbili kutoka pale. Kama kuna mtu angechukua jagi la maji akamrushia dogo kwa pupa, yakakosea yakaingia kwenye kaango, maji yangezama chini ya mafuta ya nyuzi mia na themanini, yakageuka mvuke kwa mpigo mmoja na kuyarusha mafuta yote juu, na hapo sidhani kama tungekuwa tunaongelea vidole vitatu. Nikiwaza hiyo picha mpaka leo mwili unanisisimka. Mkono upelekwe kwenye maji, maji yasirushwe kwenye jiko.

Kosa likaja baada ya hapo. Badala ya kuuacha mkono kwenye maji, au bora zaidi kuupitishia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini hivi, jirani mmoja mwenye huruma zake akaja na dawa ya meno wakampaka mkono mzima. Nilivyofika ilikuwa imeshakauka nyeupe. Dawa ya meno, yai, unga, asali, vyote hivi vinafungia joto ndani na vinaleta uchafu kwenye ngozi iliyo wazi, na nesi aliyempokea alilazimika kuiosha yote upya huku kijana anauma meno. Aliteseka mara mbili kwa jeraha moja.

Sasa kesi yenyewe. Nilivyotoka hospitali kurudi kibandani nikakuta watu wamekaa kikao na hukumu imeshatoka, ni feki, imewekwa petroli, mwenye duka ashtakiwe. Dada yangu, mama yake mpwa wangu, alikuwa ameshika dumu la lita tano analinusa anasema anasikia kabisa harufu ya petroli. Nikawauliza mbona lita mbili za kwanza za dumu mmezitumia wiki tatu hakuna aliyelalamika harufu? Kimya.

Mpwa wangu akasema tena kitu ambacho yeye alidhani ni habari njema. Baada ya sisi kuondoka na dogo, alichukua lita tatu zilizobaki kwenye dumu akaziongezea maji ya bomba lita tatu, akagawa kwenye chupa, ili "ipunguze ukali isiunguze mtu tena". Nikamuomba aniletee. Nikainua juu kwenye mwanga. Ilikuwa angavu, haina tabaka, haina ukungu, haina kitu kinachoelea. Nikawaambia jamani, hapa kesi ya petroli imekufa. Petroli na maji havikai pamoja, kama mle ndani kungekuwa na petroli ya kutosha kuunguza mtu, basi kuongeza maji kungeifukuza ipande juu, mngeona tabaka au mngeona maji yamekuwa kama maziwa. Kosa la mpwa wangu ndo likawa shahidi wangu wa kwanza.

Shahidi wa pili ni dogo mwenyewe, kwamba hakuona moto. Moto wa petroli mnaujua, wa njano, una moshi mweusi, unaonekana ng'ambo ya barabara. Ule unjano unatoka kwenye chembe za masizi zinazong'aa kwa joto ndani ya ndimi za moto. Ethanoli, ambayo ndo alkoholi ya kwenye sanitaiza nyingi, ina kaboni mbili tu kwenye molekuli yake na tayari imebeba oksijeni yake moja, kwahiyo inaungua safi karibu bila masizi, na moto wake ni wa bluu hafifu. Usiku utauona. Saa kumi jioni kwenye jua la Mtwara huuoni, unausikia kwenye ngozi. Hili ndo linalonitisha kuliko yote kwenye sanitaiza, kwamba mtu anaweza kuwa anaungua na aliyesimama mbele yake anamuuliza pilipili iko wapi.

Shahidi wa tatu nilienda naye shuleni kesho yake. Ile chupa ya kubonyeza ya mezani haikuongezwa maji, ilikuwa na zaidi ya nusu, kwahiyo nilikuwa na sampuli mbili, ya asili na iliyochakachuliwa. Nikapima mililita 100 za kila moja kwa silinda, nikaweka kwenye mizani. Maji mililita 100 yana gramu 100 kasoro kidogo. Ya asili ilisoma gramu 86 hivi. Ile ya mpwa wangu ikasoma 94 na kitu. Ethanoli tupu ni nyepesi, mililita 100 ni kama gramu 79, kwahiyo kadiri uzito unavyopanda kuelekea 100 ndo maji yalivyo mengi. Gramu 86 kwa joto la siku ile inakupeleka kwenye alkoholi ya karibu asilimia 80 kwa ujazo, na lebo ya dumu ilisema 80. Ile nyingine imeangukia 40 hivi, kama hesabu ya lita tatu kwa lita tatu inavyotaka.

Kwa maneno mengine, sanitaiza ya mpwa wangu iliwaka kwa sababu ilikuwa na alkoholi ileile iliyoandikwa kwenye dumu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2009 lilitoa fomula ambayo mtu yeyote mwenye duka la dawa anaweza kuitengeneza: kwa lita 10 unaweka ethanoli ya asilimia 96 mililita 8333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, unajazia maji yaliyochemshwa yakapoa. Inatoka asilimia 80. Peroksaidi watu wanadhani ndo inaua vijidudu vya mikono, hapana, kazi yake ni kuua mbegu za bakteria zinazoweza kuwa zimo kwenye chupa au kwenye malighafi, ndo maana ukishatengeneza unaiacha saa 72 kabla ya kutumia. Gliserini ni ya ngozi isikauke. Na mwongozo huohuo unasema waziwazi kwamba mchanganyiko huu unaanza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzijoto 17 na nusu.

Hiyo namba niielezee maana ndo moyo wa kesi. Kimiminika chenyewe hakiwaki, kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Kila kimiminika cha aina hii kina joto lake la chini ambalo likifikiwa mvuke unaotoka juu yake unatosha kushika moto ukisogezewa cheche. Kwa mafuta ya taa joto hilo liko juu huko kwenye 38 na kuendelea. Kwa sanitaiza ni 17 na nusu. Mtwara mwezi wa kumi mchana ni nyuzi 30. Ina maana kila ukifungua ile chupa pale Chikongola mvuke upo tayari, unasubiri tu. Na huo mvuke ni mzito kuliko hewa, mara moja na nusu na zaidi, unashuka chini badala ya kupaa, na mkaa wa mishikaki uko chini ya usawa wa mkono.

Lakini cheche lazima iwepo. Zile habari za mtaani kwamba jua liliiwasha, au kwamba ukiacha sanitaiza kwenye gari inalipuka yenyewe, hizi zilianza kuzunguka kwenye simu tangu 2020 wakati wa korona na hazijafa. Ethanoli kujiwasha yenyewe bila cheche inataka zaidi ya nyuzi 360. Gari lililofungwa juani halifiki hata robo ya hapo. Chupa inaweza kuvimba ikavuja, sawa, na ukivuta sigara ndani ya hilo gari hapo umejitafutia, ila kiberiti ni wewe.

Sasa turudi kwenye lile suluhisho la kuongeza maji, hapa naomba mnisikilize kwa makini maana naona watu wengi wanafanya. Mpwa wangu alidhani amepunguza hatari. Ethanoli ya asilimia 40 inaanza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzi 26 hivi. Hata ukiishusha mpaka 30 ni kama nyuzi 29. Kwa mtu wa Makete au Njombe kwenye baridi labda maji yangemsaidia, kwa Mtwara bado uko juu ya mstari, bado inawaka. Alafu upande wa pili ameua kazi yake. Kinga inayokubalika inaanzia asilimia 60. Kwahiyo amebaki na kitu ambacho bado kinaweza kuunguza na hakiui tena vijidudu vya kuaminika, yaani amechukua ubaya wa pande zote mbili akautia kwenye chupa moja na kuuweka mezani.

Hakuniamini. Akasema "njomba, harufu si ipo ileile?" Nikamwambia lete yai, mayai yalikuwepo trei nzima ya chipsi mayai. Tukavunja, tukagawa ute mweupe kwenye glasi mbili, moja nikamimina ile ya asili, nyingine ile ya maji. Kwenye ya kwanza ute uliganda palepale ukawa mweupe kama umechemshwa, bila moto. Kwenye ya pili ukawa na ukungu ukungu, chini bado ni utelezi unavutika. Nikamwambia huo ute ni protini, na mwili wa bakteria umejengwa na protini pia, umezungushiwa ngozi ya mafuta. Alkoholi inatoboa ile ngozi alafu inazikunjua protini zote kama ulivyoona, mdudu anakufa. Ikiwa nyepesi inamlewesha tu. Na asije mtu akasema basi nitatumia ya asilimia 96 kabisa, hiyo nayo inakauka haraka mno na inagandisha kuta za nje kabla haijaingia ndani, inahitaji maji kidogo yaipeleke ndani na yaikawize mkononi. Ndo maana 60 mpaka 80 na ushee. Alilitazama lile yai muda mrefu, alafu akaenda mwenyewe kukusanya zile chupa.

Hapohapo kwenye glasi ya kwanza nikamuonyesha kitu kingine, kwamba ute umeganda lakini upo. Haujaenda popote. Dogo alivyopaka sanitaiza kwenye mikono yenye damu na mafuta ya nyama, sehemu kubwa ya alkoholi iliishia kugandisha damu, na kilichokufa na kisichokufa vyote vikabaki mikononi, vikaenda kwenye mishikaki ya mteja. Sanitaiza haiondoi kitu mkononi. Sabuni ndo inashika mafuta na uchafu na maji yanaubeba. Na kuna vitu alkoholi haiviwezi hata mkono ukiwa safi, mayai ya minyoo haiyajali, mbegu za bakteria haizijali, virusi vya kuhara vya aina ya noro inahangaika navyo. Mkulima aliyetoka kupulizia mikorosho dawa akipaka sanitaiza alafu akala, ile dawa anaila. Kipindupindu alkoholi inakiua, korona inaiua, mafua inayaua, sijasema haina kazi. Ila kwa mtu anayeshika nyama mbichi, sanitaiza kabla ya sabuni ni kujidanganya.

Ndo narudi kwenye ndoo ya koki. Nilimuuliza mpwa wangu ndoo ilikauka saa ngapi, akasema saa saba. Kwanini haikujazwa? "Si sanitaiza ilikuwepo." Jibu hilo lilinikaa rohoni. Kabla ya korona hakuna kibanda cha chipsi kilichokuwa na sanitaiza, kulikuwa na ndoo na sabuni na mtu akiikuta ndoo tupu anagomba. Machi 2020 tulivyopata mgonjwa wa kwanza ndo kila mahali pakawa na ndoo na sanitaiza pamoja, tukafurahi, alafu taratibu kimoja kikamtoa mwenzake mlangoni. Aliyebaki ni yule asiyehitaji kuchotewa. Kama ndoo ingekuwa na maji saa kumi siku ile, dogo angenawa kwa sabuni, angejifuta, angepepea mkaa na mkono mbichi wa maji, basi. Mimi kwenye chanzo cha moto ule naandika saa saba mchana.

Kuna sehemu moja ilibidi nijizuie. Baada ya mizani kusoma 86 nilifurahi nikataka kumpigia dada yangu nimwambie kila kitu kiko sawa. Alafu nikakumbuka mizani imeniambia ni alkoholi, haijaniambia ni alkoholi ipi. Methanoli ina uzito wa 0.792, ethanoli 0.789, kwa vifaa vya shule hutazitofautisha. Harufu zinafanana, moto wake wa methanoli nao ndo hauonekani zaidi. Na methanoli ni muuaji. Ini likiivunja linatoa fomaldehaidi alafu asidi ya fomiki, ileile iliyoko kwenye sumu ya sisimizi, inaanza na mshipa wa fahamu wa jicho. Marekani, Mei na Juni 2020, kwenye majimbo ya Arizona na New Mexico walihesabiwa watu 15 waliokunywa sanitaiza yenye methanoli, wanne walikufa na wengine walitoka hospitali macho yameharibika. Kwahiyo kesi ya methanoli haifungwi kwa kiberiti wala kwa pua, inafungwa kwa karatasi na maabara. Nikaenda kulichukua dumu, nikasoma lebo yote: jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, imeandikwa ethanoli, na mpwa wangu alilinunua duka la dawa likiwa na sili na risiti anayo. Hapo nikatulia. Lingekuwa dumu la kuchotewa barabarani lisilo na lebo ningemwambia asiguse tena na tungelipeleka kwa watu wa Mkemia Mkuu, hata kama limesoma 86 mara kumi.

Dada yangu alivyosikia bei ya dumu jipya akashauri tuchukue nipa, ile gongo ya mabibo ya korosho, maana mwezi wa kumi mabibo ni ya kuokota na kijijini kwetu wanakinga kila nyumba ya tatu, na wanaipima kwa kiberiti, ikiwaka ndo kali. Nilimuelewa, pesa ni pesa. Lakini kama tulivyoona, kwa joto letu hata asilimia 40 inawaka, kwahiyo kiberiti hakiwezi kukuambia umefika 60. Na ya kienyeji kwa kawaida haifiki huko. Nilimwambia dada, hiyo hela ya nipa nunua sabuni ya mche, utaosha mikono ya wateja mwezi mzima. Akacheka akakubali, ila alisema nipunguze ualimu nikiwa nyumbani.

Jambo la mwisho lililonishtua hata halikuhusu moto. Mpwa wangu alivyogawa ile lita sita kwenye chupa, mbili kati ya hizo zilikuwa chupa za juisi ya embe, na akazipeleka nyumbani, akaziweka juu ya ndoo. Mjukuu wa dada ana miaka minne. Alkoholi kwa mtoto mdogo inashusha sukari ya damu mpaka anaweza kupoteza fahamu, na asilimia 40 ni kali kuliko konyagi. Mtoto akilamba mkono uliopakwa usihangaike, lakini akipiga mafunda ni hospitali moja kwa moja, asitapishwe, na chupa uende nayo. Hizo chupa mbili nilizifuata usiku uleule na bodaboda ileile.

Kibanda sasa kimepangwa upya. Chupa ya kubonyeza imehamia upande wa wateja, kwenye stuli ya ndoo ya koki, hatua tano kutoka mkaa wowote. Wahudumu hawaitumii kabisa wakiwa zamu ya jiko, wananawa. Mteja akitaka anabonyeza mara mbili, anasugua mpaka mkono ukauke wenyewe, sekunde ishirini thelathini, na huo muda wa kukauka ndo alkoholi inaua vijidudu na ndo mvuke unaondoka, kazi mbili kwa subira moja. Dumu liko chumbani kwa mpwa wangu, sakafuni, limefungwa, mbali na jiko. Ndoo ya koki inajazwa saa sita na saa kumi, na dogo ndo kajipa kazi ya kuiangalia, hataki mwingine aiguse. Mkono wake wiki ya tatu ulikuwa na ngozi mpya ya waridi, anapepea kwa kushoto.

Zile lita sita za asilimia 40 nilipiga hesabu kama zinaokoleka. Kuzipandisha tena mpaka 75 tungehitaji lita kumi za ethanoli ya 96, ambayo hakuna mwenye hela nayo. Kwahiyo tuliandika kwenye kila chupa kwa kalamu nyeusi, tukazitumia kufutia vioo vya kabati la chipsi, asubuhi, kabla mkaa haujawashwa. Gliserini inaacha ukungu kidogo, unarudia na gazeti kavu unatoka. Ilichukua karibu wiki saba kuisha.